Gobore Haligomi Bure

Ukweni kwangu Lupaso wana msemo: gobore haligomi bure. Nilipoolewa huko nikitokea Chilangala nilidhani ni msemo wa mafundi. Baruti ikiingia unyevu gobore linagoma, fataki ikiwa mbovu linagoma, mtu akishindilia ovyo linagoma. Nikasema kweli, bure haligomi. Baadaye nikaja kuelewa kwamba wanaposema vile hawalitazami gobore. Wanamtazama mke wa mwenye gobore.

Mimi ni Dorika, Mama Agatha. Mwenye gobore ni Kasiani, mwanaume niliyempenda kuliko nilivyojipenda mwenyewe, na leo nalisema hilo kwa hasira.

Kasiani si mwindaji wa kutafuta sifa. Ni mkulima wa korosho na mihogo kama wenzake. Lakini nguruwe wa kwetu hawaji mmoja mmoja. Wanaingia shambani ukoo mzima, majike mbele na watoto nyuma, na asubuhi unakuta mihogo uliyoipalilia mwaka mzima imefukuliwa, nusu imetafunwa, nusu imekanyagwa. Ukilia, hakuna nguruwe atakayeletwa barazani kujibu mashtaka. Kwa hiyo wanaume wenye magobore yaliyoandikishwa huomba ruhusa kwa ofisa wanyamapori, wakaenda kuwapunguza. Kasiani alilirithi la baba yake, na mwenzake wa siku zote alikuwa Jumanne, jirani yetu. Jumanne ni Mwislamu, nguruwe hamli wala hamgusi, lakini nguruwe hawabagui mihogo ya Mwislamu na ya Mkristo. Basi yeye alikuwa anapiga, sisi tunabeba nyama, na urafiki ulikuwa mzuri.

Gobore ni bunduki ya subira. Unamimina baruti mdomoni mwa bomba, unafuatisha tambara, unashindilia kwa mdeki, ule ufito wake wa chuma, unatia vipande vya nondo, unashindilia tena, ndipo unapachika fataki. Ni mlipuko mmoja tu. Ukilijeruhi dume la nguruwe halafu lisianguke, halikupi nafasi ya kushindilia mara ya pili. Linarudi ulikotokea moshi, na pale nyuma ya moshi uko wewe.

Ndiyo maana mwanaume akiwa porini mkewe huwa kama kafungwa. Hafagii uwanja. Hachani nywele. Haogi. Haazimi mtu chumvi, hagombani na mtu, hamkaribishi mtu. Usiku wa kuamkia mawindo hawalali kitanda kimoja. Na lile kosa kubwa kuliko yote, la kutoka nje ya ndoa, wala halitajwi, maana kila mtu analijua. Mke akilitenda, nguruwe anapata habari, sijui kwa nani, na anamgeukia mume. Mume akilitenda yeye, nguruwe hapati habari. Niliwahi kumuuliza mama mkwe wangu, Bibi Bibiana, kwa nini nguruwe wanasikia umbea wa wanawake tu. Akaniambia nina mdomo.

Lakini masharti niliyashika. Miaka yote niliyashika, kanisani naenda, na masharti nayashika. Sikuyaamini sana, ila mwanaume akiwa huko na risasi moja, na wewe umeambiwa ukae bila kufagia, utafagia ili iweje? Ni upendo wa kijinga, lakini ni upendo.

Siku ile ilikuwa ndani ya msimu wa salfa. Tulikuwa tumepuliza mikorosho siku mbili mfululizo, ile dawa ya unga wa manjano imetuingia masikioni, puani, shingoni, hadi kwenye mikunjo ya mwili. Aliyewahi kupuliza salfa anajua inavyowasha ukitoka jasho. Alfajiri Kasiani akachukua gobore na pembe yake ya baruti, akaondoka na Jumanne na mbwa wawili, maana nguruwe walikuwa wameonekana bondeni. Kaka yake mkubwa, Silvano, ambaye kwa kawaida hakosi mawindo, alituma mtu kusema mgongo unamuuma.

Jua lilipopanda nikaanza kuwashwa. Nikavumilia. Nikajikuna mpaka ngozi ikatoka damu. Mwishowe nikachukua ndoo, nikaingia bafuni kwangu, nikajimwagia maji. Emilia, jirani yangu, alikuwa anapita nyuma ya uzio akasikia. Akanisalimia, nikaitikia, nikamwambia salfa imenishinda. Akacheka, akasema hata yeye.

Adhuhuri wakamleta. Jumanne alikuwa anaendesha pikipiki, kijana wa bodaboda amekaa nyuma, na Kasiani katikati yao, kichwa kimelala mgongoni mwa Jumanne. Paja la kulia lilikuwa limefungwa kwa shati la Jumanne na shati lenyewe limelowa. Dume la nguruwe lilikuwa limempasua kutoka karibu na goti kwenda juu, nyama imefunguka. Hawakushuka. Walipita tu nyumbani kuchukua kadi yake ya bima na kuniambia niwafuate Masasi, hospitalini.

Bibi Bibiana alitoka nyumbani kwake akiwa ameshika ufagio. Alimtazama mwanawe, akanitazama mimi. Hakuuliza kama anapumua.

"Nani?" akaniuliza.

Sikumwelewa. Nikasema, "Ni nguruwe, mama."

"Nakuuliza mwanaume ni nani."

Hapo ndipo nilipojua kesi yangu imekwisha kusikilizwa kabla sijafika. Na Emilia, yule aliyecheka na mimi asubuhi, alikuwa amesimama kando na mikono kifuani. Akasema kwa sauti ya upole, ya mtu asiyetaka ugomvi, "Mimi sijui kitu. Ila nilimsikia anaoga." Mwanamke anaoga mume akiwa porini, anamwogea nani? Hakuna aliyetaja salfa tena, hata yeye mwenyewe.

Hospitalini walimpokea vizuri, nisiwasingizie. Daktari alikuwa binti mdogo, mpole, mwenye kusema wazi. Alisema jeraha limeingia uchafu mwingi, wamelisafisha lakini litahitaji kusafishwa tena chumba cha upasuaji, atundikiwe dawa, ale, anywe, atapona. Asipofanya hivyo atapoteza mguu, na huenda asiishie kwenye mguu. Nikashukuru Mungu. Nilidhani shida yetu ni jeraha.

Kumbe shida yetu ilikuwa Kasiani. Alikuwa amelala ametazama dari, homa inampanda, midomo imekauka. Nikimletea uji anageuza uso. Muuguzi akija na vidonge anafumba mdomo kama mtoto. Akija kutundika dripu anaivuta sindano. Nilimbembeleza, nikamwimbia, nikamgombeza. Hakunijibu hata neno. Silvano alikuwa anakaa upande wa pili wa kitanda, na kila jioni alimwambia mdogo wake maneno yale yale kwa sauti ya chini, kwamba dawa ya hospitali haiingii kwenye mwili uliofungwa na mke, inapita tu kama maji kwenye kitunga, mpaka mke amtaje mwanaume wake. Mgonjwa alikuwa anaitikia kwa kichwa.

Wakati huo paja lilikuwa limevimba na lilikuwa limeanza kunuka. Silvano akapata gari. Akasema kesho asubuhi watamwondoa pale, wampeleke kwa mganga mmoja upande wa Ruvuma, anayefungua waume waliofungwa. Ni safari ya siku nzima, barabara ya mashimo, na homa ile. Daktari aliposikia akanivuta kando. "Mama, akitoka humu hafiki," akaniambia. "Mzuie."

Nimzuie kwa lipi? Mimi ndiye niliyekuwa mshitakiwa.

Jumanne alikuja kumtazama siku hiyo. Alinikuta ukutani nje ya wodi, akachuchumaa mbali kidogo, maana hata yeye sasa alikuwa anaogopa kuonekana na mimi.

"Shemeji, nikwambie kitu," akasema. "Mimi nilikuwa pembeni yake. Alimpiga vizuri. Alimngoja akageuka ubavu, akapiga. Lakini mlio haukuwa mlio. Ulikuwa puu, kama fenesi limeanguka. Zile nondo zilimgonga nguruwe zikamkasirisha tu, hazikuingia. Na moshi ulikuwa mweusi. Baruti yenye afya haitoi moshi ule."

"Umewaambia?"

"Nimemwambia Silvano. Kasema nisijitie fundi."

Mchana ule nikarudi Lupaso kwa bodaboda nikisema nakwenda kuchukua nguo. Pembe ya baruti ilikuwa imetundikwa pale pale Jumanne alipoirudisha, juu ya mlango. Nikaitikisa, imejaa. Nikachota kijiko kimoja, nikasogea mbali, nikakimwaga juu ya kaa la moto. Nimeishi na mwindaji, baruti naijua. Inaruka mara moja, inakuachia macho yenye nyota. Hii ilitoa cheche moja mbili, ikafuka moshi, ikabaki pale ikiiva taratibu. Nikamimina nyingine kiganjani, nikaisugua kwa kidole. Ilikuwa mkaa. Mkaa uliotwangwa na kuchekechwa vizuri, na baruti kidogo ya kuonjesha.

Nikakaa chini. Jumapili iliyotangulia Silvano alikuwa ameiazima ile pembe, amekwenda nayo mawindoni kwake, na aliirudisha jioni yake imejaa mpaka kizibo. Kasiani alifurahi, akasema kaka yangu hana mkono wa birika. Sisemi Silvano alitaka kumuua ndugu yake. Naamini alitaka tu pembe isionekane imepungua. Ameitumia baruti ya mwenzake, akaona haya kuirudisha nusu, akajazia mkaa, na siku ya mawindo mgongo ukamuuma. Kikulacho ki nguoni mwako, na nguo yenyewe ilikuwa imekaa kando ya kitanda cha mume wangu ikimpepea.

Nikarudi Masasi na ile pembe kwenye mkoba. Nikawaita nje, Silvano na mama yake, nikawamwagia ule weusi kwenye karatasi. Nikasema mchana kweupe, "Shemeji, huu ni mkaa. Pembe ulikuwa nayo wewe."

Silvano hakushtuka. Aliinama akautazama, akachovya kidole, akamwonyesha mama yake. Kisha akasema kwa masikitiko, na ninaamini masikitiko yale yalikuwa ya kweli:

"Mnaona? Hata baruti imegeuka mkaa. Huyu mwanamke kafanya kubwa."

Bibi Bibiana akaanza kulia. Jumanne alikuwepo. Nilimgeukia Jumanne, nikamsubiri aseme kuhusu ule mlio. Jumanne akatazama viatu vyake. Hakuwa mtu mwongo Jumanne. Naona pale pale alianza kujiuliza kama kweli baruti inaweza kugeuka. Nilijisikia kupiga kelele katika uwanja ule wa hospitali mpaka sauti iniishe. Sikupiga. Nilikunja karatasi yangu.

Nikaingia wodini peke yangu. Kasiani alikuwa macho. Nikakaa ukingoni mwa kitanda, nikamshika mkono, ulikuwa wa moto.

"Baba Agatha, unaniamini mimi au huniamini?"

Aliacha kutazama dari, akanigeukia. Halafu akaongea, mara ya kwanza tangu aletwe.

"Dorika, nitajie tu. Sitakasirika. Sitakupiga. Nitajie, nipone."

"Na kama hayupo?"

"Nitajie," akasema, na machozi yakamtiririka kwenda masikioni. "Mimi sitaki kufa."

Kama angenitukana ningeondoka. Kama angesema ananichukia ningemwacha aende na gari lake. Lakini alikuwa ananiomba kama anayeomba maji, na maji alidhani ninayo mimi, nimeyaficha kwa roho mbaya. Nikaona kwamba mtu huyu atakufa kweli. Hatauawa na nguruwe. Ataishia pale kitandani ananingoja mimi. Na gari linakuja asubuhi.

Nikawaambia walete unga.

Ndivyo inavyofanywa. Mke anashika unga wa mtama kiganjani, anasimama mbele ya mgonjwa na wazee wake, anasema alichotenda na aliyetenda naye, kisha anaunyunyiza kidogo penye jeraha. Bibi Bibiana alikuwa nao tayari kwenye kifuko, tangu siku ya kwanza. Wakasimama kukizunguka kitanda. Muuguzi akatutazama, akadhani tunasali, akatupisha.

Nikaufumba ule unga mkononi ndipo nikakumbuka sina jina. Mwanaume wa kweli nisingeweza kumtaja; ana mke, ana watoto, angechomewa nyumba. Marehemu nao wana wajane. Nikafungua mdomo na jina likatoka lenyewe.

"Cecil," nikasema.

"Cecil yupi?" Silvano akauliza.

"Mnunuzi wa ufuta. Anatoka Nanganga."

"Yule mwenye pikipiki nyekundu?"

Nikamtazama. Alikuwa hatanii. "Ndiyo," nikasema. "Nyekundu."

"Nilimhisi," Silvano akasema. "Nilimwona mara mbili akipita taratibu pale kwenye kona."

Nikaunyunyiza unga juu ya bandeji. Kasiani akatoa pumzi ndefu, mwili wote ukalegea, akalia kwa sauti. Kisha akaomba uji. Alikunywa kikombe kizima, nikimshikia mimi, na alimeza vidonge vyake, na usiku alinyoosha mkono mwenyewe atundikiwe dripu. Asubuhi gari lilipokuja aliliambia lirudi. Akapelekwa kusafishwa jeraha. Yule daktari binti alifurahi sana. Aliniuliza nimemwambia nini hadi akakubali. Nikamwambia nimembembeleza.

Alipona. Dawa zilimwingia, homa ikashuka, nyama ikaanza kujifunga. Na kila kilichojifunga kwake kilikuwa ushahidi juu yangu. Wageni walikuwa wanakuja kumtazama, wanaliona jeraha safi, halafu wananitazama mimi na kutikisa kichwa. Kama nisingekosa, kukiri kwangu kungemponyaje? Hesabu ilikuwa nyepesi mno, hata mtoto angeipiga.

Lisemwalo lipo, kama halipo laja. Cecil naye akaanza kuja. Emilia alikumbuka kwamba aliwahi kumpa maji ya kunywa, na kwamba alikuwa na jino la pembeni limevunjika. Mtu mwingine alikumbuka kofia yake. Bibi Bibiana alikumbuka siku moja nilipika maboga mengi kuliko tunavyoweza kula. Kijiji kizima kilimfahamu Cecil vizuri kuliko mimi. Mara nyingine nikiwa nimekaa peke yangu nilijaribu kumwona, mwanaume gani huyu niliyepotoka naye, na nilimchukia kabisa, kama vile alikuwa na kosa.

Kasiani aliporudi nyumbani kwa magongo kikao kiliitishwa. Hakunipiga, alitimiza ahadi. Alisema kwa utulivu kwamba hawezi kwenda porini akimwacha nyumbani mke aliyekwisha kumfunga mara moja. Wazee wakaona ana haki. Ningeweza kusema ukweli siku ile, na nilitaka, lakini jeraha lilikuwa bado bichi na yeye alikuwa ananitazama kwa hofu. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Nikafunga vitu vyangu, nikamshika Agatha mkono, nikapanda gari la Newala kurudi kwetu. Mikorosho niliyoipanda mwenyewe nyuma ya nyumba, niliyoipuliza kwa mikono hii mpaka nikachubuka, nikaiacha inatoa maua.

Chilangala mama yangu hakuniuliza mengi. Kwetu mtoto ni wa mama, Agatha alipokelewa kama mwenyewe nyumbani. Nilimwambia mama ukweli, yeye wa kwanza na wa pekee. Aliusikiliza akiwa anachambua mbaazi. Akasema, "Umefanya vizuri na umefanya vibaya," akaendelea kuchambua.

Kasiani alikuja wakati wa kuokota korosho. Tulikuwa chini ya mikorosho, tunanyonyoa korosho kwenye mabibo, mikono inanata. Alishuka kwenye bodaboda mwenyewe, bila gongo. Alikuwa amenawiri. Akamwambia mama shikamoo, akaitikiwa marahaba, akatoa doti ya kanga na sukari, akakaa kwenye kigoda. Mama akamchukua Agatha wakaenda mti wa pili.

"Nimekuja kuwachukua," akasema. "Nimekaa, nimefikiri, nimekusamehe. Mama amekubali pia. Padri nimeongea naye. Utakuja, tutasafishwa, maisha yataendelea."

Nilifurahi. Nitasema uongo nikisema sikufurahi. Nilikuwa nimemkumbuka hadi mifupa inauma. Nilitaka kunawa mikono niende kufunga mizigo.

"Hata yeye nimemsamehe," akaendelea. "Nilimwona Cecil."

Nikaliweka chini bibo. "Ulimwona wapi?"

"Nanganga, pale barabarani. Yuko na pikipiki ile ile nyekundu. Aliponiona akainamisha macho, akajifanya anakagua tairi. Nikasema mwache, Mungu yupo."

Nilicheka. Sikukusudia, kicheko kilitoka tu. Nikamfikiria yule maskini wa Mungu, mwenye pikipiki yake nyekundu, anakagua tairi lake, hajui kitu. Nikaona sasa ndiyo saa. Amepona, anatembea, ana nguvu, na amekuja mwenyewe.

"Baba Agatha," nikasema, "Cecil hayupo. Hajawahi kuwepo. Nilimtunga pale pale, na unga mkononi, kwa sababu ulikuwa umegoma kula na walikuwa wanakupeleka kufa barabarani. Sijawahi kulala na mwanaume mwingine tangu nizaliwe. Pembe yako ilijazwa mkaa na kaka yako."

Nilidhani atakasirika. Nilidhani labda atalia, labda atanikumbatia, nilikuwa nimeliota hilo mara nyingi. Alisimama. Akarudi nyuma hatua mbili, mkono umelikamata lile paja, juu ya kovu, kama mtu aliyeona mwenzake amechomoa kisu.

"Usikane," akasema.

"Nakwambia ukweli."

"Usikane, Dorika, nakuomba. Mtu akikana alichokiri jeraha linafunguka upya. Unajua hilo. Kila mtu anajua." Jasho lilikuwa limeanza kumtoka kwenye paji la uso. Ule mguu ulikuwa unatetemeka kweli, niliuona kwa macho yangu. "Unanichukia kiasi hicho? Nimekuja na amani."

"Kasiani, ulipona kwa dawa."

"Basi sema tena kwamba yupo," akasema. "Sema."

Nikamtazama mwanaume wangu. Nilikuwa nayajua yatakayofuata. Angerudi Lupaso na ukweli wangu, angelala, angetazama dari, angefumba mdomo. Jeraha lisilofunguka angelifungua mwenyewe kwa hofu, na Silvano angekaa upande wa pili wa kitanda. Ukweli wangu haukuwa na mahali pa kuwekwa. Kwake ulikuwa sumu, na alikuwa ananiomba nisimnyweshe.

"Nilikutania," nikasema. "Yupo."

"Kweli?"

"Kweli. Wa pikipiki nyekundu. Jino lake la pembeni limevunjika."

Pumzi ikamrudi. Nilimwona akirudi kuwa mtu, rangi ikipanda usoni, mguu ukitulia, mkono ukiachia paja. Hata akatabasamu kidogo, akajifuta jasho kwa kiganja.

"Usinitanie hivyo tena, mke wangu," akasema. "Haya, jiandae. Bodaboda anatungoja."

"Tangulia, Baba Agatha."

"Utakuja lini?"

"Tangulia."

Akamuaga mama, akambeba Agatha akamzungusha, akamshusha. Akaondoka kuelekea barabarani kwa hatua ndefu, hachechemei, mguu wa kulia unakanyaga sawa na wa kushoto. Nilimtazama mpaka mikorosho ikamficha. Mama akaja akaokota bibo nililoliacha, akalinyonyoa, akaniuliza kama nitamfuata. Nikamwambia kwamba anayetakiwa Lupaso ni mwanamke wa Cecil, na mwanamke huyo mimi simfahamu.